Naomba ushauri: pipi za delta-8 na HHC alizoniachia binamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi. Binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Marekani ameniachia pakiti mbili za pipi za kutafuna, moja ya delta-8, nyingine ya HHC (vyote ni vilevi vya jamii ya bangi), kila pipi miligramu 25. Eti nimpe mama mojamoja usiku, magoti yatulie. Mama mwenyewe kaambiwa ni vitamini.

Nimesoma kidogo. Zote hutengenezwa maabara kutokana na CBD, kemikali isiyolewesha ya hempu, yaani bangi ileile yenye THC (kemikali inayolewesha) isiyozidi asilimia 0.3, huko kwao sheria ya kilimo ya 2018 ndiyo iliyofungua mlango. Delta-8 hulewesha, ila kwa upole kuliko THC ya kawaida. HHC huongezewa hidrojeni, haiharibiki upesi, na watumiaji wengi husema ndiyo inayopanda kichwani zaidi ya delta-8. Italia waliipiga marufuku 2023, nami nusu ya majirani zangu ni Wataliano!

Sasa, mama anameza dawa ya presha na ile ya kuzuia damu kuganda. Kuna mfamasia humu anayejua zinavyogongana? Na kwa sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994, nikikutwa nazo si bangi tu hiyo? Naendesha tuktuk, askari hunisimamisha kila uchao.

Binamu asema nizionje kwanza mimi. Huyo mwacheni. Nizitupe, au mwaonaje?