Watoto wamehifadhi sura za Qurani ila maana hawajui, jioni nyumbani tufanyeje?

Mama K: Asalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari za jioni. Nina watoto watatu, mkubwa form one, wa kati darasa la nne, mdogo chekechea. Madrasa wanaenda na wanahifadhi vizuri tu mashallah, ila juzi wa kati kasoma Suratul Maun yote bila kukosea halafu hapo hapo kamnyima mdogo wake penseli, na sura yenyewe inawasema wanaomsukuma yatima na kunyima watu vitu vidogo vidogo!! Nimeumia kwa kweli. Tunataka kati ya magharibi na isha tukae wote tv imezimwa tuwafundishe, tumejaribu lakini baba yao anatoa mawaidha marefu, mdogo anasinzia, mkubwa yuko na simu. Nyie mnafanyaje jamani?

Mdigo wa Ngamiani: Waaleikum salaam dada. Mkimaliza kuswali jamaa, yaani wote pamoja, bakini hapo hapo kwenye mkeka, mkihamia kwenye makochi ndo basi tena. Chukueni sura moja tu mkae nayo wiki nzima, hiyo Maun ina aya 7. Mkubwa asome tafsiri ya Qurani ya Sheikh Farsy kwa sauti, Kiswahili chake kinaeleweka, halafu waulizeni jirani akija kuomba chumvi au ndoo huwa tunamjibuje hapa kwetu? Waacheni waongee wao, shemeji asikilize kwanza.

Bint Mkunazini: Wadogo wanataka visa bibi we. Wasimulie Suratul Fiyl, Abraha katoka Yemen na jeshi na tembo kwenda kuvunja Kaaba, Mungu akawaletea makundi ya ndege na vijiwe. Wangu walipanga mito ikawa Kaaba, mmoja tembo wengine ndege, hawajaisahau mpaka leo

Abuu Swabra: Hapo kwenye kuigiza tuwe makini, Qurani si mchezo.

Bint Mkunazini: Kweli kaka angu, Mtume na maswahaba hatuwaigizi kabisa, na aya zinasomwa kwa adabu wametulia. Ni kisa tu ndo wanakicheza.

Abuu Swabra: Hapo sawa. Na Mama K huyo wa chekechea usimlazimishe, hadithi inasema tuwaamrishe swala wakifika miaka 7, akisinzia mfunike shuka alale, masikio yanasikia.

Kaka wa Marangu: Mimi Mlutheri ila naomba nichangie. Kwetu sala ya jioni ni kwa zamu, leo mtoto huyu anasoma neno na kuchagua wimbo, kesho mwingine, na mwenye zamu hasinzii hata siku moja 🙏

Mama K: Mungu awabariki nyote, hii ya zamu na sura moja kwa wiki nimeipenda sana. Na simu ya mkubwa?

Mdigo wa Ngamiani: Simu zote ziwekwe chumbani kabla ya adhana, za wazazi zikiwemo, huyo wa form one hawezi kukubali kama baba anajibu meseji katikati ya darsa.