Mume wangu kapatikana na dawa za kulevya kwa mkojo kazini, naombeni ushauri

Assalam aleikum watu wa Mombasa. Mume wangu anaendesha foklifti kwa yadi moja ya makontena huku Changamwe, juzi shifti yote ya usiku wakapimwa mkojo ghafla, yani wapewa kikopo waingia chooni na soja kasimama mlangoni, chake kikasoma morfini. Sasa huyu mtu hata sigara havuti, alikua na kikohozi akaandikiwa dawa ya maji yenye kodeini, chupa ninayo hapa na risiti ya duka la dawa, na kodeini ikiingia mwilini yageuka morfini, hata daktari kaniambia. Wale wanaotafuna muguka, yale majani ya kulevya aina ya miraa, usiku kucha wamepita, ajabu! HR, wale wa ofisi ya wafanyakazi, wamwambia aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe ama afutwe. Nasikia Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 yataka aitwe ajieleze kwanza, na mwenzake wa kazini ama mtu wa chama awepo. Je, mkojo ule ule waweza kupelekwa maabara kubwa upimwe tena, na nani alipa? Akikataa kusaini wanaweza kumzuilia mshahara? Alopitia haya anisaidie jamani, Jumatatu wamtaka ofisini.