Korongo nyangumi na korongo taji: nani yuko hatarini zaidi?

MvuviSagara: Wakuu, salaam kutoka Usinge, Kaliua. Huku kwenye mafunjo ya Malagarasi korongo nyangumi ni wa kubahatisha. Anasimama kama mlinzi anayedai mshahara, hatikisiki, mpaka kambare mamba achomoze pua kuvuta hewa. Hapo anajitupa mzimamzima, domo mbele, anatoka na samaki pamoja na fungu la majani. Korongo taji wao nawaona kwa makundi majarubani. Sasa kuna mgeni kaniambia wa taji ndiye aliye hatarini zaidi. Inakuwaje?

MamaJaruba: Kasema kweli, mdogo wangu. IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari, hawahesabu vichwa tu, wanapima na kasi ya kupungua. Mwaka 1985 korongo taji walikadiriwa kuzidi 100,000. Kufikia 2004 ni kati ya 50,000 na 64,000. Mwaka 2012 wakaingizwa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Korongo nyangumi wanakadiriwa 5,000 hadi 8,000 dunia nzima, na bado wako daraja moja chini kwa hatari.

Shida ya taji ni kuishi na sisi. Mimi nalima Urambo: ukishafukia mahindi, alfajiri unakuta vishimo vimefuatana kwenye tuta, mbegu hakuna. Kuna wanaotega sumu. Wengine wanakamata vifaranga wakauze, maana wenye majumba wanapenda kumwona akitembea bustanini na taji lake. Na tindiga analotagia ndilo tunalolitaka kwa mpunga.

Mpitanjia_Uvinza: Dada, hapo sawa, ila nyangumi naye asihesabiwe salama. Hutaga yai 1 hadi 3, na kwa kawaida kifaranga anayekua ni mmoja. Kiota kiko chini kwenye majani, si mtini. Malagarasi-Muyovozi imekuwa eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa, tangu 2000, la kwanza Tanzania, lakini kiangazi kikikolea ng'ombe wanaingia na moto unawashwa. Nyie mnamwita adimu, halafu mnamchomea nyumba.

MvuviSagara: Nimewapata. Ila kaka wa Uvinza, moto usiwabebeshe wafugaji peke yao. Huku wavuvi nao wanachoma, wapate njia ya mtumbwi.