Thunderbird inakwama barua ya 47 kati ya 212, kisha inaanza upya

kasha_bovu

Wakuu, naomba msaada kwa anayeijua vizuri Thunderbird, programu ya barua pepe. Akaunti ni ya POP3 (njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva), poti 995, usalama wa muunganisho SSL/TLS (usimbaji), na sijachagua kuacha barua kwenye seva. Nikibonyeza kuchukua barua mambo huenda hivi:

Inaingia, inahesabu barua 212, inaanza kushusha. Ikifika ya 47 inaganda. Baada ya dakika moja na nusu au zaidi kidogo inasema muda wa kuisubiri seva umekwisha. Nikirudia papo hapo napata jibu jingine, kwamba kikasha kimefungwa kwa kuwa kinatumiwa na mwingine, wakati hakuna kompyuta nyingine wala simu yenye akaunti hiyo. Nikisubiri kama dakika kumi inakubali tena, ila inaanzia barua ya kwanza. Sasa zile 46 ninazo mara tatu tatu.

Nimeshabadilisha nenosiri, nimeiondoa programu na kuiweka upya. Nilijaribu na poti 110, ikawa mbaya zaidi, inakataa hapo hapo. Kwenye kivinjari barua zote zinafunguka. Ni Windows 10, na antivairasi ya kulipia inafanya kazi.

La pili: akaunti ya Gmail ndani ya programu hiyo hiyo inakataa nenosiri ambalo kwenye kivinjari linakubali. Sijui kama ni tatizo moja au mawili.

waya_mwekundu

Ni mawili, yatenganishe. La Gmail nawaachia wengine, mimi nashika la POP3.

Mkuu, rudisha 995 na usiguse nenosiri tena. Programu ikishakuhesabia 212, maana yake jina la seva limepatikana, poti imefunguka, usimbaji umekubaliwa na nenosiri limepokelewa. Kubadilisha nenosiri hapo ni kubadilisha kitasa cha mlango ambao umeshaupita.

Hayo makosa matatu unayoyaona ni kosa moja na matokeo yake mawili. Kwenye POP3 (kanuni yake ni RFC 1939, ya mwaka 1996) seva humfungia kikasha mteja mmoja tangu anapoingia hadi anapotoka. Ukikatika bila kuaga kwa amri ya QUIT, seva inaweza isijue kwamba umeondoka. Inaendelea kukushikia kikasha hadi muda wake wa kusubiri uishe, na kanuni inataka muda huo usipungue dakika 10. Kwa hiyo huyo "mwingine" anayetumia kikasha ni wewe mwenyewe wa dakika chache zilizopita.

Kuhusu nakala: amri ya kufuta, DELE, haifuti kitu papo hapo, inaweka alama tu. Seva hufuta kweli baada ya kupokea QUIT. Ukikatikia barua ya 47, alama zote 46 zinatupwa na barua zinabaki palepale. Thunderbird nayo hutunza orodha ya barua inazozijua kwenye faili popstate.dat ndani ya folda ya wasifu. Orodha hiyo isipoandikwa kwa sababu kipindi kimekatika, barua zilezile zinaonekana mpya. Na usiifute faili hiyo, hata kama utakuta watu wanashauri hivyo. Ukiifuta, kila kilichobaki kwenye seva kitashuka tena.

Linabaki swali moja tu: kwa nini 47? Ongea na seva mwenyewe. Funga Thunderbird, subiri dakika 15 ili kikasha kifunguliwe, kisha tumia openssl, programu ya kuandikia amri inayofungua muunganisho uliosimbwa (kwenye Windows inakuja pamoja na programu ya Git):

openssl s_client -connect jina-la-seva:995 -crlf

Itamwaga maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na issuer (yaani aliyetoa cheti cha usalama cha muunganisho), uuandike pembeni. Mwishoni ikitokea +OK, andika moja moja, ukisubiri jibu kila mara:

user jina-lako
pass nenosiri-lako
list
retr 47
quit

Andika kwa herufi ndogo, na sisemi hivyo kwa urembo. openssl ikiona mstari unaoanza na R kubwa inauchukua kama amri yake ya kujadili usimbaji upya, na Q kubwa inakata muunganisho bila kuaga, ukabaki umejifungia kikasha kwa dakika nyingine kumi. Seva ya POP3 haibagui herufi kubwa na ndogo kwenye amri.

Tuletee vitu vitatu: ukubwa wa barua ya 47 (list inautoa kwa baiti), kama retr (amri ya kuleta barua) inaanza kumwaga maandishi mara moja au inakaa kimya kwanza, na huo mstari wa issuer. Nenosiri litaonekana kwenye skrini, usilinakili hapa.

pakiti_ndogo

Naongezea hapo kabla hajarudi. Mtoa mada, inakwama 47 kila mara, au leo 47 na kesho 31? Ikiwa namba inahama, laumu laini yako. Ikiwa ni ileile siku zote, tatizo linaihusu barua hiyo, na mara nyingi ni ukubwa wake, si kwamba imeharibika.

Kuna pia suala la MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data njiani. Dalili yake ni kwamba majibu mafupi kama list yanapita, lakini barua yoyote inayozidi pakiti moja inaganda. Jaribu kwenye CMD: ping -f -l 1472 jina-la-seva. Hiyo 1472 ukiongeza baiti 28 za vichwa inafika 1500. Ikikuambia pakiti inahitaji kugawanywa, shuka hadi 1464. Ikipita hapo, njia yako ni ya 1492, kawaida ya PPPoE (aina ya muunganisho na mtoa huduma wa intaneti), na ruta ndiyo ya kurekebishwa. (Seva isipojibu ping kabisa, jaribio hili halikuambii chochote.) Ila wewe umeshapitisha barua 46, kwa hiyo MTU mimi naiweka mkiani. Mshukiwa wangu wa kwanza ni antivairasi.

kasha_bovu

Nimerudi. Ni 47 kila mara, haijawahi kuhama.

list inasema: 47 18734112. Zilizo karibu nayo hazifiki hata laki moja.

issuer imeandikwa jina la antivairasi yangu! Nilitegemea kuona kampuni ya vyeti.

retr 47: kimya kabisa kwa dakika mbili na sekunde chache, halafu maandishi yote yakaja kwa mkupuo. Nikaandika quit, ikaniaga vizuri.

waya_mwekundu

Umeshajibu mwenyewe.

Issuer yenye jina la antivairasi maana yake antivairasi imekaa katikati: inaongea na seva kwa usimbaji mmoja, na wewe kwa mwingine, ikitumia cheti ilichojitengenezea. Inapokea barua nzima, inaikagua, ndipo inaiachia. Barua ndogo huoni tofauti. Hii ni baiti milioni 18.7, na kwa laini inayoshusha kilobaiti 150 kwa sekunde ni kama sekunde 125. Muda wote huo Thunderbird haijapewa hata herufi moja. Kikomo chake cha kusubiri ukimya ni sekunde 100, kwa hiyo inakata. Bila mtu wa katikati maandishi yangekuwa yanatiririka tangu mwanzo, na kikomo kisingefikiwa hata kama barua ingechukua dakika kumi, maana kinachohesabiwa ni ukimya.

Usishangae pia kiambatisho chenyewe kikiwa megabaiti 13 na ushee. Viambatisho husafirishwa kwa base64 (kugeuza faili kuwa herufi za kawaida), inayovimbisha faili kwa zaidi ya theluthi.

Njia ninayoipendekeza: kwenye antivairasi zima ukaguzi wa barua pepe peke yake, usizime antivairasi nzima. Faili zitaendelea kukaguliwa unapozihifadhi au kuzifungua. Kisha rudia openssl uone issuer imebadilika. Ikiwa bado ni jina lile lile, kuna swichi nyingine ya kukagua miunganisho iliyosimbwa, nayo hukaa sehemu tofauti.

Kama huwezi kuzima, ongeza muda: mipangilio ya jumla ya Thunderbird, shuka hadi chini kabisa, fungua kihariri cha usanidi, tafuta mailnews.tcptimeout, badilisha 100 iwe 300, funga programu na uifungue tena. Inafanya kazi, ila siipendi, kwa sababu siku ikija barua kubwa zaidi utarudi hapa.

pakiti_ndogo

Na tahadhari moja ambayo huja kuumiza baadaye. Kwa kawaida Thunderbird huhifadhi kikasha kizima kwenye faili moja, Inbox isiyo na kiambishi. Antivairasi ikikuta barua moja yenye kirusi na kuitenga faili hiyo, kikasha chote kinaondoka nayo. Kwenye mipangilio ya faragha na usalama kuna kisanduku kinachoruhusu antivairasi kutenga barua moja moja zinapoingia, kiweke alama.

ufunguo16

Upande wa Gmail: tangu 30 Mei 2022 Google haipokei nenosiri la kawaida la akaunti kutoka kwenye programu za barua. Kwa hiyo nenosiri lako ni sahihi na bado linakataliwa.

Fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, na kwenye njia ya uthibitishaji badilisha nenosiri la kawaida kuwa OAuth2 (kuingia kupitia dirisha la Google lenyewe). Fanya hivyo pia kwa seva ya kutuma, ambayo ina ukurasa wake peke yake chini kabisa ya orodha ya akaunti. Wengi huisahau, wakaishia kupokea bila kuweza kutuma. Futa manenosiri ya zamani ya Gmail yaliyohifadhiwa ndani ya programu, kisha chukua barua. Litafunguka dirisha la Google la kuingia. Likija tupu au likijirudia bila kuisha, angalia kama Thunderbird imekatazwa kupokea vidakuzi. Dirisha hilo haliwezi bila vidakuzi.

Kama toleo lako ni la zamani lisilo na OAuth2, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16, na ulitumie badala ya lile la kawaida. Wenye Outlook.com binafsi nao wajue Microsoft walifunga mlango huo huo tarehe 16 Septemba 2024.

nyaya_tatu

Samahani kwa kudandia. Mimi natumia Outlook, POP3 pia, napata 0x800CCC0E. Ni antivairasi vilevile?

waya_mwekundu

Si lazima. 0x800CCC0E ni kushindwa kuunganika, yaani hata mlangoni hujafika. 0x800CCC0F ni muunganisho uliokatika katikati, 0x800CCC19 ni muda kuisha (hiyo ndiyo inayofanana na ya mtoa mada), na 0x800CCC92 ni kukataliwa jina au nenosiri.

Fungua PowerShell: Test-NetConnection jina-la-seva -Port 995. TcpTestSucceeded ikiwa False, angalia tahajia ya jina la seva, ukuta wa moto, na kama mtandao uliomo unafunga poti hiyo. Ikiwa True, angalia kama poti na usimbaji vinaoana.

Hapo ndipo na jaribio la mtoa mada la poti 110 linapoeleweka. Kwenye POP3 ya wazi seva huongea kwanza, inasema +OK. Kwenye TLS mteja ndiye huanza. Ukiweka 995 bila usimbaji, mteja anasubiri +OK na seva inasubiri salamu ya TLS. Wote kimya hadi muda uishe. Ukiweka 110 pamoja na SSL/TLS, mteja anatuma salamu na kujibiwa maandishi asiyoyatarajia, kwa hiyo inagoma papo hapo. 995 iende na SSL/TLS, 110 iende na STARTTLS (inaanza wazi, kisha inasimbwa).

kasha_bovu

Nimezima ukaguzi wa barua pepe tu. Issuer sasa ni kampuni ya vyeti. Zote 212 zimeshuka, ya 47 ilichelewa lakini ikapita. Gmail nayo imekubali kwa OAuth2. Sasa hizi nakala 138 nizifute vipi bila kuchagua moja moja?

pakiti_ndogo

Panga kikasha kwa mpangilio wa kupokelewa, usitumie tarehe. Makundi matatu ya 46 yatakuja kwanza, kisha 212 za mwisho ambazo ni kamili. Bonyeza barua ya kwanza ya kundi la kwanza, shikilia Shift, bonyeza ya mwisho ya kundi la tatu, hakikisha chini imeandikwa 138, futa. Kama ulikuwa na barua za zamani humo, anzia baada yake. Kisha bonyeza folda kwa kitufe cha kulia na uchague kuibana, maana kufuta peke yake hakupunguzi ukubwa wa ile faili Inbox.