Naomba ushauri: Mama anakuja Norway, tuanze na Bergen, Geiranger au Urnes?

Mwana_wa_Kolo
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Ninaishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, na mama yangu anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza akitokea Kondoa. Alifundisha historia katika shule ya sekondari hadi alipostaafu, kwa hiyo sitaki safari yake iishie madukani na kwenye picha za theluji. Nchi hii ina maeneo manane ya Urithi wa Dunia na siwezi kumpeleka kote. Naomba mnisaidie kuchagua kati ya nyumba za kale za Bryggen kule Bergen, fyordi ya Geiranger (mkono wa bahari ulioingia kati ya milima) na kanisa la mbao la Urnes. Kuna sehemu nyingine ya mbali kidogo ambayo nimeshaipangia, hiyo haina haja ya kujadiliwa. Kwa kweli silali vizuri, kwa sababu nataka kila kitu kiende sawa.

Mzee_wa_Bryggen
Karibu, kijana. Anza na Bergen wala usisite. Nimeishi huku tangu ujana wangu na bado napenda kupita katika vichochoro vya Bryggen asubuhi, wakati mbao zimelowa mvua na harufu ya lami ya miti imekolea. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walifungua ofisi yao hapa mnamo mwaka 1360 hivi. Walileta nafaka, wakachukua samaki wakavu waliotoka huko huko kaskazini unakoishi wewe. Mji uliungua mwaka 1702, ukajengwa upya kwa ramani ile ile ya zamani, na baada ya moto wa mwaka 1955 zimebaki nyumba 62. Mama aliyefundisha historia ataona jinsi biashara inavyojenga mji. Kutoka Oslo njooni kwa treni, ambayo ni safari ya takriban saa saba na inapita Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari.

Kasongo_Lushi
Mzee amenigusa alipotaja samaki. Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na makayabu, na nilipofika Ålesund kwa kazi nilikuta ghala zima la samaki wa chumvi, mengine yakiwa yamefungwa tayari kusafirishwa kwenda Kongo. Nilisimama pale nikamkumbuka marehemu bibi yangu, ambaye aliwaloweka usiku kucha na kubadilisha maji kila alipoamka. Mleta mada, mpeleke mama mahali ambapo kuna kitu anachokijua tayari, kwa kuwa mgeni huona zaidi anapopata pa kushika.

Dada_Upendo
Mimi nauliza jambo moja tu: umempima mama yako afya, au unampima ubora wa kamera yako? Wazazi wetu wakifika huku tunawakokota kwenye baridi na milima ili majirani waone picha. Mwache apumzike, ale, aombe, azungumze na wajukuu. Turathi kubwa kuliko zote ni yeye mwenyewe.

Mpekuzi_Makini
Dada Upendo, nakuheshimu, ila hilo halijibu swali. Mleta mada, umetuuliza mahali bila kusema wakati, na Norway ya Julai si Norway ya Novemba. Kanisa la Urnes hufunguliwa kwa wageni katika msimu wa kiangazi tu. Barabara za milimani za upande wa Geiranger, kama ile ya Trollstigen, hufungwa majira ya baridi. Anakuja mwezi gani? Na hiyo sehemu ya mbali isiyohitaji kujadiliwa ni ipi?

Mwana_wa_Kolo
Asante, mkuu. Anatarajiwa kufika katika siku za mwisho za Oktoba. Sehemu ya mbali ni Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa. Ndege inatoka hapa Tromsø moja kwa moja hadi mji wake wa Longyearbyen, na tiketi nimeshalipia za aina isiyorudishiwa fedha. Najua wengine wataona ni anasa, lakini ni watu wangapi wa Kondoa wamefika nyuzi 78 kaskazini? Tukimaliza huko tutashuka Oslo akaone meli za Waviking kule Bygdøy, halafu ndipo tuende mtakakonishauri. Ndiyo maana niliuliza kuhusu maeneo matatu tu.

Nyota_Nyeri
Usikatishwe tamaa, kaka. Kwetu Kenya Svalbard si jina geni, kwa sababu hazina ya mbegu ya dunia ilipofunguliwa pale tarehe 26 Februari 2008, Profesa Wangari Maathai alikuwepo, na yeye pamoja na Waziri Mkuu wa Norway ndio walioingiza mbegu za kwanza. Nilikuwa msichana mdogo, na baba yangu alinionyesha habari hiyo gazetini akisema kwamba mama wa Nyeri ameweka chakula cha watukuu wetu ndani ya mlima wa barafu. Watalii hawaingii ndani, lakini hata kusimama mbele ya ule mlango ulioshindiliwa mlimani ningeona ni heshima. Mpeleke.

Mpekuzi_Makini
Kabla ya mlango wa hazina kuna mlango mwingine. Mama anasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, bila shaka ana viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Tafadhali tazama kwenye stika yake, mahali panapoonyesha idadi ya kuingia. Pameandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi?

Mwana_wa_Kolo
Sioni uhusiano wake, ila nitajibu. Amenitumia picha ya stika, na pameandikwa 01. Anaingia Norway mara moja na kutoka mara moja, hakuna tatizo. Svalbard ni Norway: bendera ni ile ile, fedha ni krona zile zile, na gavana wake huteuliwa na serikali ya Oslo. Mtu akitoka Dar es Salaam kwenda Pemba anahesabiwa ametoka nchini?

Mpekuzi_Makini
Hapo ndipo penye kisa chote. Mkataba wa mwaka 1920 uliipa Norway mamlaka juu ya Svalbard, lakini visiwa hivyo haviko ndani ya eneo la Schengen. Kwenda huko hakuhitaji viza kabisa, na ndiyo sababu watu wengi hudanganyika. Tatizo liko kwenye kurudi. Mama akipanda ndege hiyo, pasipoti hukaguliwa na anahesabiwa ametoka Schengen, na akitaka kurejea Tromsø au Oslo anahitaji kuingia mara ya pili. Kwa 01 hana ruhusa hiyo. Mama wa umri huo akizuiwa kati ya Longyearbyen na nyumbani kwa mwanawe, hizo tiketi mtazisahau.

Shahidi_wa_Macho
Ndugu zangu, mimi nahisi tunanyweshwa chai. Mtu anayeishi Norway hawezi kupanga kumpeleka mzazi kwenye meli za Waviking pale Bygdøy, kwa kuwa jumba hilo lilifungwa mwaka 2022 ili lijengwe upya. Hawezi pia kudhani Svalbard ni kama Pemba. Nimeona nyuzi nyingi za namna hii, ambapo mtu hukaa kwake na ramani, akabuni mama, akabuni tiketi, kisha akatutazama tukihangaika. Mleta mada atuambie kitu ambacho hakipatikani kwenye ramani.

Mwana_wa_Kolo
Maneno haya yameniuma, hasa hilo la kubuni mama. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na Oslo ninaijua kwa uwanja wake wa ndege tu, ndiyo maana habari ya jumba kufungwa haikunifikia. Unataka kitu kisicho kwenye ramani: hapa Tromsø, jua linaporudi kwenye nusu ya pili ya Januari, tunagawiwa kazini maandazi ya mviringo yenye jamu, na wenzangu hutoka nje kutazama upande wa kusini hata kama kuna mawingu. Msimamizi wetu aliniambia kwamba Longyearbyen hulisubiri hadi tarehe 8 Machi hivi, na watu hukusanyika penye ngazi za hospitali ya zamani ili mwanga uwaguse. Ni yeye aliyenitia hamu ya kwenda. Kwa umri wa mama, nani ajuaye kama atapata viza nyingine?

Shahidi_wa_Macho
Maandazi hayo nimeyala mwenyewe nilipokuwa Bodø. Nayaondoa maneno yangu kuhusu mama.

Mzee_wa_Bryggen
Vizuri, tuendelee kwa heshima. Kijana, nimesoma uzi wako tangu mwanzo na nimeona hamu ya msimamizi wako na hamu yako. Mama mwenyewe ameomba kuona nini?

Mwana_wa_Kolo
Aliomba Alta, mji wa huku kaskazini, Mzee wangu. Amekuwa akiitaja tangu nilipomtumia kadi ya posta ya michoro ya miambani. Zamani aliwapeleka wanafunzi wake Kolo kuona michoro yetu ya Kondoa, ambayo nayo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sikuiweka Alta kwenye swali kwa sababu niliona ni mawe ambayo ameshayaona kwao, na kwamba anastahili kikubwa zaidi.

Mkaazi_wa_Alta
Nimekuwa msomaji wa kimya wa uzi huu, lakini hapa lazima niingie. Si mawe aliyoyaona kwao. Kondoa watu walipaka rangi kwenye kuta za miamba, wakati hapa Hjemmeluft, penye nakshi za Alta, waligonga jiwe kwa jiwe, kwenye miamba iliyolala ukingoni mwa bahari, kuanzia miaka 7,000 iliyopita hadi miaka 2,000 iliyopita. Ardhi ya huku ilikuwa imelemewa na barafu ya kale, na barafu ilipoyeyuka ikaanza kuinuka polepole, ufuo ukasogea, na wachongaji wakaufuata. Kwa hiyo nakshi za zamani zaidi ziko juu, na kadiri unavyoshuka kuelekea majini unakutana na watu wa karne za karibu. Kuna kulungu wa kaskazini waliozungushiwa uzio, kuna dubu, kuna mashua zenye watu. Nyingi zilipakwa rangi nyekundu katika miaka ya 1970 ili zionekane, na sasa rangi hiyo inaondolewa. Mwombe mama ainame jua likiwa chini, aitazame nakshi isiyopakwa rangi kwa ubavu: kivuli kinajaa kwenye vidonda vya jiwe na mnyama anajitokeza. Njia ni ya mbao, mzee anaimudu akienda kwa mwendo wake.

Lakini sikiliza vizuri. Theluji ikishuka, miamba hufunikwa na hakuna anayeona kitu hadi majira ya kuchipua. Mwishoni mwa Oktoba ni kubahatisha, na mchana wenyewe ni mfupi. Ukiiweka Alta baada ya Oslo na Bergen, utamleta kuona theluji.

Nyota_Nyeri
Basi Svalbard isubiri viza nyingine. Nilisema mpeleke kabla sijajua kuhusu 01, na kabla sijajua kwamba ameshasema anakotaka.

Mwana_wa_Kolo
Nimezungumza na mama jioni hii. Nilipomweleza habari ya ardhi kuinuka na nakshi kufuata ufuo, aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, akaniambia nimtafutie kitabu. Viza yake inaanza tarehe 8 Oktoba, na tiketi yake ya kutoka Dar es Salaam inaruhusu kubadilishwa kwa kuongeza fedha kidogo. Za Svalbard bado zinaniuma, siwezi kusema uongo. Mkaazi wa Alta, tukitoka Tromsø tupande basi au ndege? Magoti yake hayapendi kukaa muda mrefu.

Mkaazi_wa_Alta
Pandeni ndege ndogo mnapokuja, ni chini ya saa moja. Kwa barabara ya E6 ni karibu kilomita 400, yaani siku nzima. Mkifika, nendeni Hjemmeluft kesho yake asubuhi bila kungoja, kisha Bergen ifuate. Mnunulie mama viatu vyenye meno ya chuma kabla hajatoka uwanja wa ndege wa Tromsø, maana zile mbao zikiganda umande huteleza sana.