Likizo ya Krismasi kwa sisi wa zamu: kwa nini anayebaki ni yule yule? Tupeane uzoefu

Taa za Uru

Wakuu, habari za jioni.

Rosta ya Desemba imebandikwa leo asubuhi kwenye chumba cha manesi. Jina langu lipo usiku wa tarehe 24 na usiku wa tarehe 25. Ni mwaka wa tano mfululizo.

Nafanya kazi hospitalini hapa Moshi, wodi ya watoto, na kwetu ni Uru. Usiku nikisimama kwenye dirisha la mwisho la wodi naziona taa za kwetu kule mlimani. Kukiwa hakuna ukungu naweza kukuonyesha kwa kidole ilipo nyumba ya mama.

Na kinachoniponza ni ukaribu huo huo. Kila nikiomba, sista inchaji ananijibu kwa upole: "Mdogo wangu, wewe kwenu ni hapa hapa. Mwenzako anakwenda Mbeya, mwingine Bukoba. Wewe ukitoka zamu unapanda daladala, saa 4 asubuhi uko kwa mama." Mwaka wa kwanza niliona anasema kweli. Nikatoka zamu asubuhi ya Krismasi, nikafika nyumbani, usingizi ukanizidi. Nilipoamshwa ilikuwa saa 10 jioni. Watu wameshakula, wadogo zangu waliotoka Dar na watoto wao wameshateremka kwa shangazi, na saa 12 nilitakiwa niwe njiani kurudi wodini. Miaka iliyofuata imekuwa hivyo hivyo.

Watu hututania kwamba Wachaga tunapanda mlimani Desemba kuhesabiwa. Ni kweli, tunahesabiana. Ndiyo wiki pekee katika mwaka ambayo kaka wa Dar, dada wa Mwanza na mjomba wa Tunduma wanakaa pamoja kwenye kihamba kimoja, lile shamba la ukoo. Hapo ndipo mpaka wa shamba unazungumzwa, mchumba analetwa aonekane, kaburi la babu linajengewa, mzee anasema nani atabaki na nyumba. Mwaka juzi kikao cha ukoo kilipanga matibabu ya macho ya mama. Mimi ambaye ni nesi, ninayemjua daktari wa macho kwa jina, sikuwepo. Nilipigiwa simu kuelezwa kiasi cha mchango wangu.

Sisemi wodi ibaki tupu. Mtoto mwenye nimonia hasubiri sikukuu ipite. Ninachouliza ni kwa nini anayebaki awe mtu yule yule. Kazini kwenu likizo za Desemba zinagawiwaje? Na kama kuna mahali mliweza kuzigawa watu wakaridhika, mlifanyaje?

Nawasilisha.

Mpishi wa Sakina

Pole sana dada. Mimi ni mpishi hotelini Arusha, mwaka wa saba huu, kwetu Singida. Wewe unaambiwa kwenu ni karibu mno. Mimi kila mwaka naambiwa: "Kwenu ni mbali, ukienda utachelewa kurudi." Kwa hiyo wa karibu abaki kwa sababu ni wa karibu, na wa mbali abaki kwa sababu ni wa mbali.

Kwetu jikoni likizo zinafungwa kuanzia katikati ya Desemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Wageni wa mbuga na wa mlima wanajaa. Hilo silipingi, maana msimu huu ndio unaotulisha mwezi wa nne mvua zikipiga na vyumba vikiwa vitupu. Ila kufungwa huko ni kwa jikoni, vyumbani na mapokezi tu. Watu wa uhasibu na masoko wanaaga mapema, na sisi ndio tunaowafungia keki za kwenda nazo kwao.

Mwaka 2022 baba yangu alikuwa anaumwa. Nilienda kwa supavaiza mwezi wa tisa, nikamweleza, akanikubalia kwa mdomo siku tatu za Krismasi. Nikamwambia mzee. Rosta ilipotoka jina langu lipo siku zote tatu, na vijana wawili wa kijiji kimoja na supavaiza ndio waliopewa ofu. Niliwaona kwa simu, wamepiga picha wakiwa kwao na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, mezani. Sikuwachukia wale vijana, hata wao walikuwa na wazazi.

Baba alifariki Februari. Siku za msiba nilipewa bila shida, siku nne. Nilipanda basi la Babati mpaka Singida nikizihesabu zile tatu nilizonyimwa. Sijamwambia mtu kazini jambo hili mpaka leo ninapoandika hapa.

Gredi ya Pili

Niko shamba la maua upande wa Usa River, chumba cha kupanga na kufunga maua. Kwetu kipimo ni watoto. Mwenye watoto anapewa, asiye nao anabaki, na msimamizi anakisema hicho mbele za watu wote kwenye mkutano wa asubuhi.

Nina miaka 34. Sijajaaliwa mtoto, na si kwa kupenda. Kila Desemba nasomewa hivyo mbele ya wenzangu. Sina zaidi.

Taa za Uru

Dada yangu, nimesoma nikaweka simu chini kwanza. Pole. Hilo la kusemwa mbele za watu lingenitoa machozi.

Lindo la Njiro

Assalaam alaykum na habari zenu ndugu Wakristo. Mimi ni mlinzi, Muislamu, na ninaona upande wangu nao usemwe.

Kwenye lindo letu makubaliano ni kwamba Waislamu tunawakavia Wakristo zamu za Krismasi, nao wanatukavia za Idd. Ni makubaliano mazuri na nimeyashika kwa moyo mmoja, miaka minane sijawahi kulalamika. Nusu ya kwanza inatimia kila mwaka. Nusu ya pili ndiyo inayopotea.

Krismasi haihami, inajulikana ni tarehe 25, kwa hiyo inaandikwa mapema. Idd inasubiri mwezi uandame, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Rosta yetu inapangwa mwanzo wa mwezi. Ukimwambia mkubwa wa zamu aniachie siku mbili wazi, anakujibu, "Mwezi ukionekana tutaona." Mwezi ukionekana ni saa 2 au saa 3 usiku, na saa hiyo yule niliyemkavia Krismasi hapokei simu, au yuko kwenye harusi Karatu. Idd mbili zilizopita nimeswali na gwanda la kazi, nikarudi getini mbio.

Halafu watu wanadhani Krismasi kwangu ni siku kama nyingine. Shule zimefungwa, watoto wangu wako nyumbani, na mke wangu alizaliwa Machame katika familia ya Kilutheri. Shemeji zangu wote hukusanyika. Watoto wananiuliza kwa nini baba haji kwa bibi.

Nimeingia lindo sikukuu zote hizo na kwenye karatasi ya mshahara sijawahi kuona shilingi ya ziada.

Katibu wa Tawi

Ndugu wa Njiro, hilo la mwisho lisiishie kwenye masikitiko, linadaiwa. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa Arusha, nieleze ninachokijua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Krismasi imo, tarehe 26 imo, Mwaka Mpya umo, na Idd imo vile vile. Tena saa kuanzia 2 usiku hadi 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kusanya karatasi zako za mshahara na nakala za rosta, hata picha ya simu inatosha kuanzia. Mwandikie mwajiri kwanza. Akikataa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, lakini usikae nalo: madai ya aina hii yanatakiwa yafike ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Nimeona watu wakipoteza haki kwa sababu walisubiri mwaka upite.

Kuhusu likizo yenyewe niwe mkweli, nisiwape matumaini ya uongo. Sheria inakupa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa mwaka, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa humo humo. Ni lini uende, mwajiri ndiye anayepanga, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au 12 ikiwa wewe mwenyewe umekubali na kazi inalazimu. Hakuna kifungu kinachosema nesi wa Uru apewe Krismasi.

Nafasi iliyopo ni mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kinafunga na mwajiri. Vyama vipo: hospitali ina TUGHE, hoteli ina CHODAWU, mashamba yana TPAWU. Tunapokwenda mezani tunabishania nauli na posho, halafu mgawanyo wa sikukuu tunamwachia supavaiza na kalamu yake. Kifungu kimoja tu, kwamba aliyefanya kazi Krismasi iliyopita anachagua wa kwanza safari hii, kingeondoa nusu ya yaliyoandikwa hapa. Nimekaa kwenye majadiliano mara tatu na sijawahi kukiweka mezani. Nitakiweka.

Mhaya wa Majengo

Mimi nipo Moshi na ndiye huyo wa Bukoba mnayemtaja. Si wodi ya dada, ila hadithi ni hiyo hiyo.

Naomba msituone sisi ndio wenye makosa. Kwenda na kurudi kwangu kunakula siku tatu mpaka nne barabarani. Ofu ya siku mbili haina maana kwangu, nikienda lazima iwe wiki nzima, na nauli ni ya kujinyima tangu Agosti. Mama yangu namwona mara moja kwa mwaka. Dada wa Uru anaweza kumpelekea mama yake sabuni Jumamosi yoyote.

Ila nakiri sikuwahi kufikiria kile kikao cha ukoo. Nilidhani anayeishi karibu hakosi kitu.

Taa za Uru

Kaka, sikulaumu hata kidogo, na kuhusu Jumamosi umesema kweli. Mama namwona. Nisiowaona ni wale wengine wote.

Mzee wa Kaunta Buku

Wanangu, nimestaafu. Nilikuwa msimamizi wa zamu kiwandani hapa Moshi kwa miaka 19 na rosta nilikuwa napanga mimi.

Miaka ya mwanzo nilipanga kwa kichwa. Nilijiona mtu wa haki kabisa. Siku moja fundi wa boila, mtu mkimya asiyeomba kitu, akaniambia, "Mzee, mimi sijala Krismasi na wanangu tangu mkubwa yuko darasa la pili, sasa yuko kidato cha tatu." Nilibisha. Nikarudi ofisini nikafukua rosta za zamani, nikakuta ni kweli. Sikuwa na nia mbaya naye. Ni kwamba wanaodai sauti zao ndizo nilizokuwa nazisikia, na yeye hakudai. Kichwa cha msimamizi kinakumbuka waliomlalamikia tu.

Nikanunua kaunta buku. Kila mtu ukurasa wake, kila mwaka mstari wake: K kwa aliyefanya kazi Krismasi, M kwa Mwaka Mpya, I kwa Idd, P kwa Pasaka. Mwisho wa Septemba daftari linakaa mezani kwangu wiki nzima na yeyote anaruhusiwa kufungua na kusoma wa mwenzake. Mwenye K ya mwaka jana anachagua kwanza. Wa safari ndefu nilikuwa nampa wiki nzima mwaka mmoja, mwaka unaofuata anabaki bila maneno. Kwa Idd nilikuwa naacha siku tatu wazi pembeni, na jina la wa kukava linaandikwa kabla mwezi haujaandama.

Siku za kwanza kelele zilikuwa nyingi. Walioumia zaidi ni waliokuwa wamezoea kupewa. Baadaye zikapungua, kwa sababu mtu akija kulalamika namfungulia ukurasa wake, tunasoma pamoja.

Mwaka mmoja nililivunja. Bosi alinipigia kuniombea ndugu yake, nikamwondoa kijana aliyekuwa na zamu yake ya kwenda. Yule kijana hakusema kitu. Alikuja kwenye ofisi yangu, akafungua daftari kwenye ukurasa wake, akaliacha wazi hapo mezani, akatoka. Nimestaafu na ule ukurasa bado nauona.

Mpishi wa Sakina

Shikamoo mzee. Asante kwa kulisema hilo la mwisho.

Mzee wa Kaunta Buku

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba.

Taa za Uru

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimenunua kaunta buku.

Nilimwonyesha sista inchaji maneno ya mzee kwenye simu yangu, akayasoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniambia twende tukatafute rosta za nyuma. Ya 2021 hatukuiona. Ya 2023 tuliikuta imetandikwa chini ya droo ya dawa, nusu imelowa. Zilizobaki tulijaza kwa kukumbushana, watu wanne tumekaa kwenye benchi. Ilipofika jina langu sista alishika kalamu mwenyewe, akaandika K nne mfululizo, akazitazama, akasema, "Mdogo wangu, na mimi nilikuwa nakuona hapa kila mwaka."

Rosta ya mwaka huu imeshasainiwa na metroni, haifutwi. Usiku wa tarehe 24 nitaingia. Ila usiku wa 25 mwenzangu mmoja wa Tanga, Muislamu, amekubali kuuchukua. Ndugu wa Njiro, deni lake nimeliandika kwa wino mbele yake kabla hajatoka chumbani: Idd, siku zote mbili, na simu yangu itakuwa wazi usiku wa mwezi.

Nimempigia mama. Ameniuliza mara mbili kama ni kweli nitalala nyumbani.