Naomba ushauri: ramani ya maeneo ya mafuriko, Rufiji ya chini

Ndugu wanajamvi, ninaandaa ramani ya maeneo yanayofunikwa na maji ya Mto Rufiji kuanzia Utete hadi kwenye delta, na nimekwama mahali pawili.

Kwanza, takwimu za mtiririko nilizonazo ni za kabla ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, ilhali mafuriko ya 2024 yalipita katika mto ambao tayari una bwawa. Je, ni halali kukadiria furiko la miaka 100 (lenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote) kwa takwimu hizo za zamani, au nianze na maji yanayoingia bwawani kutoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kisha nikokotoe yatakayofunguliwa?

Pili, data za mwinuko wa ardhi za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani, hukosea kwa mita kadhaa, hasa penye mikoko, na katika tambarare kama ile mita moja huamua kijiji kizima kiwe ndani au nje ya mstari. Picha za rada za setilaiti za Sentinel-1, zinazopenya mawingu, zinatosha kusahihisha?

Nauliza kwa uzito, kwa kuwa wakulima wa mlau, yaani wanaopanda kwenye udongo wenye unyevu baada ya mafuriko kupungua, huyategemea maji hayohayo.